Huyu Anayekuandikia ni Nani?



Ndugu wasikilizaji wa Kasongo, wa Kabambare na wa Lusangi, leo tuzungumze juu ya ujumbe ambao wengi kati yenu mmekwisha kuupokea. Unaingia kwenye simu jioni, kwa namba usiyoijua. "Mama, simu yangu imeibiwa, hii ndiyo namba mpya. Nimepatwa na shida kubwa, nitumie franka 50,000 kwa namba hii, nitakueleza." Hakuna jina, wala halihitajiki. Mama anayeusoma ana mtoto mmoja kwenye machimbo ya Salamabila, mwingine anasoma Kindu, wa tatu alikwenda Bukavu kabla ya vita kufika huko, na tangu hapo habari zake zinakuja kwa shida. Mama huyo hajiulizi kama aliyeandika ni mtoto wake. Anajiuliza ni yupi kati yao. Anafungua fundo la kitenge alimoweka pesa za chumvi na sabuni, anakwenda kwenye kabine ya kutumia pesa kwa simu, na pesa zinaondoka.

Watu wenye haraka wana jibu lao: msiamini mambo ya simu. Jibu hilo halitusaidii kitu. Mtoto wa kweli naye huibiwa simu, naye hununua namba mpya, naye hupatwa na shida usiku. Muuguzi wa kweli wa zone ya afya hutuma tangazo la chanjo kwa WhatsApp, na mwalimu mkuu wa kweli hutuma majina ya waliofaulu kwa njia hiyohiyo. Tukikataa kila kinachotoka kwenye simu tutakuwa tumewafungia mlango watu wetu wenyewe, hasa sisi tunaokaa mahali ambapo barabara ya kwenda Kabambare ni tope miezi mingi na barua hupita mikononi mwa watu kumi kabla ya kufika. Tunahitaji kujua kumtofautisha aliye kweli na asiye kweli. Kwa ajili hiyo nataka niwarudishe nyuma miaka 150 na zaidi, kabla ya simu na kabla ya redio, maana udanganyifu wa namna hii ulitendeka katika nchi yetu, na habari zake zilisimuliwa na mwenyewe aliyeutenda.

Mnamfahamu Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule mfanyabiashara wa Unguja anayejulikana kama Tippu Tip, aliyeifanya Kasongo kuwa makao yake. Uzeeni aliyaeleza maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Humo anaeleza, bila haya yoyote, jinsi alivyoupata utawala wa Utetera, kule magharibi yetu, mwanzoni mwa miaka ya 1870. Kilichomfungulia mlango wa nchi ile kilikuwa ukoo wa kubuni.

Ilikuwa hivi. Akiwa safarini alisikia kwamba mtawala mzee wa Utetera, Kasongo Rushie, alikuwa na dada wawili waliotekwa zamani katika vita na kupelekwa nchi ya Urua, wasionekane tena. Mmoja wao aliitwa Daramumba. Tippu Tip aliyashika majina hayo, akayaweka moyoni. Kisha akaingia nchi ya yule mzee na hadithi iliyokamilika: kwamba babu yake mzaa mama aliwahi kufika Urua, akampata huko mwanamke aitwaye Daramumba, na kwa mwanamke huyo akazaliwa mama yake. Kwa hiyo yeye Hamed ni mjukuu wa nyumba hii, damu ya dada aliyepotea imerudi. Mzee akaamini. Akampokea kama mtoto wake, akamkabidhi utawala, akaagiza pembe za ndovu zipelekwe kwake. Mwingereza Verney Lovett Cameron alipopita huku mwaka 1874, alimkuta Tippu Tip amekwisha kuwa mtu mkubwa katika sehemu zile.

Wengi hukisimulia kisa hiki kama ujanja wa mtu hodari, na wasikilizaji hucheka. Mimi siwezi kucheka, kwa sababu nakiangalia upande wa mzee. Kasongo Rushie hakuwa mjinga. Asingetawala nchi kubwa hivyo mpaka uzeeni kama angekuwa mjinga. Alikuwa ndugu aliyepotelewa bila kuonyeshwa kaburi. Ninyi mliopoteza watu katika vita vya 1996, vya 1998, na katika hivi vya sasa, mnayajua maumivu hayo: mtu hajafa, hajaishi, na kila mgeni anayetoka upande ule unataka kumuuliza. Tippu Tip alipitia kwenye kidonda hicho. Waongo wa leo wanakitafuta kidonda hichohicho. Humtafuta mama mwenye mtoto asiyejulikana alipo, kijana aliyemaliza masomo na hana kazi, mjane aliye peke yake. Akili ya mtu inaweza kuwa kali kama wembe, lakini hapo penye kidonda hapakai mlinzi.

Na tuutazame ushahidi wenyewe. Jina la dada lilikuwa sahihi. Habari za vita zilikuwa sahihi. Kwamba walipelekwa Urua, sahihi. Kila kitu ambacho mzee angeweza kukipima kilikuwa kweli, kwa sababu kilitoka Utetera na sasa kilikuwa kinarudishwa Utetera. Uongo ulikuwa mahali pamoja tu, pale palipomuunganisha msimuliaji na habari hizo, na sehemu hiyo ilitoka kinywani mwake mwenyewe.

Ndugu zangu, naomba mlikumbuke jambo hilo kuliko yote nitakayosema leo. Anayekuandikia, "Mama Zaina, mimi mtoto wa dada yako wa Kibombo, yule aliyekuwa anakuletea mchele," ameyapata wapi hayo? Huenda ni mtoto wa dada yako kweli. Huenda pia aliyasoma kwenye Facebook, pale ulipoweka picha ya harusi na watu 40 wakaandika pongezi chini yake, mmoja akikuita shangazi, mwingine akikuita mama mdogo, mwingine akitaja kijiji. Ukoo wako wote umekaa pale, umejipanga. Msiba ukitokea tunaweka picha ya marehemu na jina lake na la kijiji chake, na tunafanya vizuri, maana wengine wako mbali na wanastahili kujua. Lakini mgeni naye anasoma. Akikurudishia habari zako mwenyewe usizihesabu kuwa ushahidi wa kitu chochote. Muulize jambo ambalo halikuandikwa mahali: siku ile ya mvua tulilala kwa nani, mbuzi wetu yule aliyekufa alikuwa rangi gani. Mtoto wako hatakasirika. Anayekasirika, anayekuambia hakuna muda, anayekwambia usimwambie baba, huyo amekwisha kujitaja.

Njia iliyo bora kuliko maswali ni kumpigia mtu wa tatu. Piga namba ya zamani ya mtoto kwanza, wengi hawafanyi hata hilo. Kisha piga kwa jirani yake, kwa mwenye nyumba anamolala, kwa mkubwa wa machimbo, kwa padri au shehe wa pale alipo. Najua rezo inasumbua, na najua kuna mahali lazima upande mlima ndipo simu ipate mstari mmoja. Pandeni. Shida ya kweli ya mtoto inaweza kungoja saa mbili za kuulizana. Shida ya uongo haiwezi kungoja, ndiyo maana mwenye nayo anahimiza.

Sasa nigeuke upande mwingine, maana kuna hatari nyingine tunapoanza kuwinda waongo: tunawapiga watu wa kweli.

Yule mtu wa Unguja alikuwa na jina la kuzaliwa, Hamed, na jina la utani ambalo halikuandikwa kwenye cheti chochote. Kuanzia pwani mpaka maporomoko ya mto, watu walimjua kwa jina la utani, na hakuna aliyedanganywa nalo, kwa kuwa kila aliyelisikia alijua ni nani na angeweza kumfuata alipo. Siku aliyodanganya hakubadilisha jina wala kuficha uso. Alisimama mbele ya mzee kwa umbo lake mwenyewe na kudai ukoo usio wake ili apate utawala na pembe. Kwa hiyo jina geni halitoshi kumfanya mtu kuwa bandia, na jina la kweli halitoshi kumfanya awe halali. Uangalie anadai nini, anataka kupata nini kwa dai hilo, na ni nani mwingine anayeweza kumjibia.

Sisi Wakongomani tungepaswa kulielewa jambo hili kuliko watu wengi. Mwaka 1972 Mobutu aliamuru majina ya ubatizo yaachwe, naye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko. Wazee wetu waliozaliwa wakiitwa Pierre na Antoinette wakapata majina mengine kwenye karatasi za shule na za kazi, huku padri akiendelea kuwaita yale ya kwanza. Hapa Kasongo mtu ana jina la msikitini, jina la nyumbani alilopewa na bibi, na jina la kwenye kadi lililoandikwa kwa haraka na mwandishi asiyejua lugha yake. Yote matatu ni ya mtu mmoja. Wanamuziki wetu je? Franco alikuwa François Luambo, Werrason ni Noël Ngiama, na hakuna aliyekwenda mahakamani kulalamika. Kijana wa Lusangi anayejiita Simba wa Maniema kwenye Facebook ili atunge mashairi hajamwibia mtu. Akitumia jina hilo kuomba michango ya hospitali ambayo haipo, hapo ndipo amevuka mpaka.

Wapo pia wanaojificha kwa haki, na hao nataka kuwatetea kwa nguvu zangu zote. Mama aliyebakwa na mwenye bunduki, ambaye mwenye bunduki huyo bado anapita mtaani, ana haki ya kusema bila kutaja jina. Mwalimu anayejua pesa za shule zinakoenda, mchimbaji anayejua nani anatoza ushuru wa haramu kwenye shimo, hao wakisema kwa majina yao wanaweza wasilale nyumbani. Huko Tanzania, Maxence Melo wa mtandao wa JamiiForums alikamatwa Desemba 2016 kwa sababu alikataa kuwapa polisi majina ya watu waliokuwa wakiandika habari za ufisadi kwa majina ya kujificha. Aprili 2020 mahakama ya Kisutu ilimtoza faini ya shilingi milioni 3. Alilipa gharama hiyo ili wengine wasijulikane. Mimi naamini alitenda haki, kwa sababu aliyejificha kwake alikuwa anatoa habari inayoweza kuchunguzwa, haombi pesa za mtu, wala havai sura ya mtu mwingine. Na Melo mwenyewe alisimama mahali pa wazi, kwa jina lake, akijibu kwa niaba yao. Redio hufanya vivyo hivyo. Mkitupigia kuomba jina lisisomwe, jina tunalijua sisi, na lawama tunaibeba sisi.

Turudi kwa waongo, maana wapo wa aina nyingi na baadhi yao hawataki pesa zako kabisa.

Mwaka 2020, wakati wa Korona, waandishi wa France 24 walifuatilia kurasa za Facebook zilizokuwa zikimwekea Profesa Didier Raoult wa Ufaransa na Andry Rajoelina, Rais wa Madagascar wakati huo, maneno ambayo hawakuyasema. Watu wengi waliyasambaza maneno hayo, wakiamini sauti ambazo hazikuwepo. Nyuzi walizozifuata ziliwafikisha Kinshasa, kwa vijana wetu. Walikuwa wanakusanya wafuasi tu, maana ukurasa wenye wafuasi wengi ni mali, unauzika. Nalisema hili wazi kwa sababu tumezoea kufikiri kwamba uongo wote unatoka nje ya mipaka.

Unatoka nje pia. Juni 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, walitangaza kwamba wamegundua akaunti 464 kwenye mtandao wa X zilizokuwa zikifanya kazi pamoja, zikiwa zimetuma ujumbe zaidi ya 650,000 tangu Januari ya mwaka huo kuisifu serikali ya Rwanda na kuwajibu wakosoaji wake, na baadhi ya maneno hayo yakiandikwa kwa akili mnemba. Uganda, Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ilifunga akaunti zilizohusishwa na ofisi ya habari ya serikali zilizokuwa zikijifanya raia wa kawaida. Serikali ikajibu kwa kuifunga Facebook yenyewe nchi nzima. Na kama mnataka kujua ukubwa wa jambo hili duniani, katika miezi 3 tu ya mwanzo ya mwaka 2019 Facebook ilisema imeondoa akaunti bandia bilioni 2.2. Nyingi ziliondolewa kabla hata ya kuonwa na mtu, lakini hesabu hiyo inatosha kuonyesha kwamba kutengeneza uso wa uongo sasa ni kazi ya mashine.

Kwetu sisi akaunti za kundi ndizo zinazonitisha zaidi, kwa sababu ya vita. Mwenye kutaka franka 50,000 atakuumiza wewe na nyumba yako. Mwenye akaunti 50 za majina ya Kibangubangu, ya Kikusu, ya Kizimba, asiye mmoja wao, anaweza kutuma usiku mmoja maneno kwamba kabila fulani limepanga kushambulia kijiji fulani, na kufikia alfajiri watu wameshika mapanga. Mtu anasema, "Nimeona watu wengi wameandika." Wengi hao walikuwa mmoja. Ukiona maneno yaleyale, yenye makosa yaleyale ya herufi, yametoka kwa watu kumi usiowajua, na kila mmoja ana picha moja tu na akaunti yake ilifunguliwa mwezi huu, usiyapeleke kwa mwingine. Mpigie mtu wa kijiji kilichotajwa. Mara nyingi utamkuta anakoroga ugali wake na hajui habari yoyote.

Kuhusu kazi nitasema kwa ufupi. Kila baada ya muda linazunguka tangazo la ajira lenye nembo ya MONUSCO ya Umoja wa Mataifa, au ya shirika la chakula, au ya kampuni ya dhahabu, na mwisho wake kuna namba ya kutuma pesa za "dosie". Umoja wa Mataifa umetangaza mara nyingi kwamba hautozi malipo katika hatua yoyote ya kuajiri. Ukiombwa hata franka 5,000, basi kazi hakuna. Nembo ni picha, na picha huchukuliwa na yeyote. Nenda ofisini, au mtume mtu wa Kindu aende ofisini, aulize.

Na jambo la WhatsApp, vijana nisikilizeni vizuri. Rafiki yako anakuandikia, kwa namba yake ya kweli na picha yake ya kweli: "Nimekosea nikaweka namba yako, utapata tarakimu 6, nitumie." Rafiki yako siye. Akaunti yake imekwisha kutekwa, na tarakimu hizo 6 ndizo ufunguo wa akaunti yako. Ukizituma, dakika hiyohiyo unafungiwa nje, na yule mtu anaanza kuwaandikia mama yako na shemeji zako kwa jina lako. Hapa hata kuijua namba hakusaidii. Ndani ya WhatsApp kuna mahali pa kuweka namba ya siri ya pili, wekeni leo, na asiyejua kuweka aombe msaada kwa mtu anayemwamini. Na sauti? Siku hizi mashine inaweza kuiga sauti ya mtu kutokana na maneno machache aliyorekodi. Kwa hiyo hata ukisikia sauti ya mtoto analia, kata simu, kisha umpigie wewe kwa namba unayoijua.

Kuna wasikilizaji watakaouliza serikali iko wapi. Sheria ipo. Tarehe 13 Machi 2023 ilitiwa sahihi ordonansi-sheria namba 23/010 ya mambo ya kidijitali, na ndani yake kujitwalia utambulisho wa mtu mwingine kwa njia ya kompyuta ni kosa. Tatizo letu liko chini zaidi. Nchi hii haijahesabu watu wake tangu 1984. Kwa miaka mingi, kwa wengi wetu, karatasi pekee inayotuonyesha sisi ni nani imekuwa kadi ya mpiga kura, na za mwaka 2023 ziliandikwa kwa wino uliofifia mpaka watu wakabaki na karatasi nyeupe yenye kivuli. Rais Tshisekedi alipokea kadi ya kwanza ya taifa tarehe 30 Juni mwaka huohuo, huko Kinshasa, lakini huku vijijini mtu bado anajieleza kwa kadi iliyofutika. Kisha mtu huyohuyo ananunua namba ya simu iliyokwisha kusajiliwa kwa jina la asiyemjua, kwa sababu kadi yake haisomeki. Mwizi anapotumia namba kama hiyo, anayetafutwa ni mtu mwingine kabisa. Kwa hiyo ninapowaomba viongozi wetu wa Kindu na wa Kinshasa watuletee kadi zinazosomeka, naomba jambo la usalama wa watu.

Lakini hata bila kadi, watu wa nchi hii hawakuwahi kukosa njia ya kujuana. Kwenye uandikishaji, sheria ya uchaguzi ilimruhusu asiye na karatasi atolewe ushahidi na wakazi wa pale. Mahakama nayo humpa mtu mzima hukumu inayosimama badala ya cheti cha kuzaliwa kwa kuwasikiliza mashahidi. Na walio na ustadi kuliko wote katika kazi hii ni Msalaba Mwekundu. Wanapotafuta ndugu waliopotezana katika vita, hawaamini neno la mmoja. Wanachukua maelezo ya mama upande huu na maelezo ya mtoto upande ule, kila mmoja peke yake, bila mmoja kuambiwa alichosema mwenzake, kisha wanayalinganisha. Wanapeleka barua, wanangoja jibu. Inachukua miezi, na hawadai hata franka moja. Kama mtu huyo anayekuandikia anadai kuwa ni mtoto wako aliyepotea vitani, mwambie: vizuri sana mwanangu, nenda kwa Msalaba Mwekundu huko uliko, nami nitakwenda huku niliko. Aliye mtoto atakwenda.

Nimebakiza kundi moja, nalo mara nyingi husahauliwa: wale ambao sura zao zimeibiwa. Muuguzi anaamka asubuhi na kukuta watu mlangoni wakidai dawa walizomlipa kwa simu, naye hajui lolote. Padri anakuta picha yake imewekwa kwenye ukurasa unaouza maombi. Mtaa unamtazama vibaya mtu aliyeibiwa, na aliyeiba hayumo mtaani. Likikupata, usinyamaze kwa aibu. Hifadhi picha ya ukurasa huo kabla haujafutwa, pamoja na namba zilizotumika. Waombe rafiki zako wengi waripoti ukurasa kwenye Facebook, wachague sehemu inayosema mtu huyu anajifanya mwingine. Peleka namba ya pesa kwa kampuni ya simu haraka, maana pesa ambazo hazijatolewa zinaweza kuzuiwa. Andikisha malalamiko polisi, hata kama unadhani hayatafika mbali, ili iwepo karatasi yenye tarehe siku watu watakapokuja kukulaumu.

Kisha njoo hapa redioni. Tangazo la namna hiyo tutalisoma kama tunavyosoma matangazo ya misiba na ya watoto waliopotea, asubuhi na jioni, kwa Kiswahili, mpaka lifike Lusangi na ng'ambo yake. Tunaomba kitu kimoja tu: uje na jirani mmoja wa mtaa wako anayekujua tangu zamani, maana nasi hapa studio hatutaweza kusoma tangazo kwa neno lako peke yako.